Makerere ilimkataa, Makerere ikampa uprofesa: nani amhesabu Ali Mazrui?

Najua nimepotea wiki kadhaa. Sikuwa mgonjwa wala sikuhama mji. Nilikuwa nimezama katika kazi ya kuandika programu ya kupokea maombi ya wanafunzi, ya chuo kimoja ambacho sitakitaja. Kazi yenyewe si ngumu. Mwombaji anajaza fomu kwenye tovuti, programu inasoma gredi zake za kidato cha nne, na walio chini ya kiwango wanaondolewa kabla fomu zao hazijafika mezani kwa mtu yeyote. Huko kuondoa ni mstari mmoja tu. Niliuandika kwa dakika mbili, nikaujaribu, ukafanya kazi, nikaenda zangu kunywa kahawa.

Kahawa nanywa Mji wa Kale, kwenye baraza moja pale Kibokoni. Kuna maalim mstaafu hukaa pale kila jioni, na hakuna jambo asilouliza.

"Masalkheri, Maalim."

"Masalkheri, mwanangu. Waonekana umechoka. Wafanya nini siku hizi?"

Nikamweleza habari ya programu na kiwango chake. Akanyamaza, akapuliza kikombe chake, kisha akasema, "Basi hiyo tarakilishi yako ingemtupa Ali wa Sheikh al-Amin."

Nikacheka. Lakini usiku nikakaa nikasoma habari za huyo Ali, na kicheko kikaniishia. Haya niliyoyakuta ndiyo nataka kuwasimulia leo, kwa sababu yanahusu pia jambo ambalo vyuo vikubwa vya dunia hugombana juu yake kila mwaka: nani ana haki ya kujivunia mtu aliyefaulu.

Kijana wa daraja la tatu

Ali Mazrui alizaliwa hapa Mombasa tarehe 24 Februari 1933. Babake, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, ndiye aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mjini humu mwaka 1932, na kuanzia 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ukoo wao ndio ulioitawala Mombasa mpaka mwaka 1837, wakikaa Fort Jesus, au Ngomeni kama tunavyopaita wenyewe. Nia ya Sheikh ilikuwa mwanawe aende Al-Azhar, Misri, arudi mwanachuoni. Lakini Sheikh alifariki mwaka 1947, kijana akiwa na miaka 14.

Mwaka 1949 kijana akafanya mtihani wa kumaliza sekondari. Zama hizo mtihani ulitoka Cambridge, Uingereza, na majibu yakasahihishwa huko huko. Akapata daraja la tatu. Mwaka huo huo Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ilikuwa imepandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kwa kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka shahada bila kuvuka bahari, mlango ulikuwa huo mmoja. Ali akabisha hodi. Makerere ikasema hapana.

Usiilaumu Makerere haraka, ndugu msomaji. Nafasi zilikuwa chache, na daraja la tatu ni daraja la tatu. Yeyote aliyeshika faili lile alifanya kile kile ambacho programu yangu inafanya leo, tofauti ni kwamba yeye alitumia kalamu.

Ali akapata kazi ya ukarani katika taasisi mpya ya MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa. Msingi wake ulikuwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni, na wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Ilikuwa shule ya ufundi kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Karani wetu hakuwa mwanafunzi pale wala mwalimu. Alikuwa mtu wa makaratasi.

Ndipo siku ya sherehe ya Maulidi akasimama kutoa hotuba, na miongoni mwa wageni alikuwemo Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Gavana akasikiliza, akapendezwa, na kwake njia ya ufadhili wa masomo ikafunguka. Sasa tazama jambo hili: Mitchell huyu huyu alikuwa Gavana wa Uganda kuanzia 1935 hadi 1940, na ni mmoja wa waliosukuma sana Makerere ikue mpaka iwe chuo kikuu. Mtu aliyesaidia kuujenga mlango uliomfungia Ali ndiye aliyemtafutia mlango mwingine.

Mwaka 1955 Ali akaenda Uingereza. Hakuanza chuo kikuu. Alianza Huddersfield, akimalizia masomo ya sekondari. Kisha Manchester, shahada ya kwanza mwaka 1960. Kisha Columbia, New York, shahada ya pili mwaka 1961. Kisha Oxford.

Mwaka 1963 akaajiriwa Makerere kufundisha sayansi ya siasa. Mwaka 1965, akiwa na miaka 32, Makerere ikampa uprofesa, kabla hata Oxford haijamtunuku udaktari wake, ambao ulikuja mwaka 1966. Kutoka kukataliwa mpaka kiti cha profesa, mahali pale pale, ilipita miaka 16.

Vilima viwili

Makerere ya miaka ile ilikuwa na fahari yake. Wanafunzi walivaa majoho mekundu, na watu waliposema Kilimani pale Kampala kila mtu alijua ni wapi. Kuanzia 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vitatu ndani ya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, lakini ndugu watatu nyumba moja hawakosi kutazamana sahani. Dar nayo ilikuwa na kilima chake, Mlimani, na ilijiona kuwa ndiyo yenye fikra za kimapinduzi, Makerere ikionekana ya kibwanyenye. Mwaka 1970 Mazrui wa Makerere na Walter Rodney wa Dar walikutana Makerere kwenye mjadala ambao wasomi wanausimulia mpaka leo. Mwaka huo huo chuo cha pamoja kikavunjwa, kila nchi ikashika chake.

Mwaka 1971 Idi Amin akachukua nchi. Mwaka 1973 Mazrui akaondoka Uganda, na mwaka uliofuata akawa Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1979 BBC ikampa mihadhara ya Reith, heshima wanayopewa wachache. Mwaka 1986 ikaonyeshwa filamu yake ya runinga ya sehemu tisa juu ya Afrika na urithi wake wa aina tatu: wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Binghamton kikamvuta kutoka Michigan kwa kumpa kiti cha Albert Schweitzer. Karani aliyekataliwa kwa daraja la tatu, sasa vyuo vya Marekani vinamgombania.

Jinsi wakubwa wanavyohesabu

Sasa tutoke Mombasa kidogo, kwa sababu hapa ndipo swali la kuhesabu linapoingia.

Vyuo vikubwa hujisifia Tuzo za Nobel kama mtu anavyohesabu mashua zake bandarini. Cambridge hujihesabia zaidi ya 120. Ndani ya Cambridge kuna Trinity, chuo kimoja tu kati ya vingi, nacho peke yake kina zaidi ya 30. Lakini ukisoma kwa makini utaona hesabu ya Cambridge ina mlango mpana: aliyesoma pale amo, aliyefundisha amo, aliyefanya utafiti pale amo. Mshindi mmoja aliyepita vyuo vinne anaweza kuhesabiwa mara nne, na kila chuo kitasema kweli.

Ugomvi mkali kuliko yote niujuao ni wa Berlin. Chuo Kikuu cha Berlin kilianzishwa mwaka 1810, na kabla ya vita vya pili kilikuwa na washindi wengi wa Nobel, Einstein akiwa mmoja wao. Baada ya vita mji ukagawanywa. Chuo cha zamani kikabaki mashariki, kikaitwa Humboldt. Magharibi wakaanzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1948. Basi Nobel za kale ni za nani? Kila kimoja kilijiona mrithi. Orodha maarufu ya vyuo bora, ile ya Shanghai, ilipoanza kutoka mwaka 2003, ugomvi huo ukawa na maana ya nafasi kwenye jedwali, na kwa miaka kadhaa watunzi wa orodha wakaviacha nje vyote viwili.

Hiyo orodha ya Shanghai inatupendeza sisi waandishi wa programu, kwa sababu fomula yake iko wazi. Wahitimu wa chuo waliopata Nobel, au nishani ya Fields ya hisabati, wanabeba asilimia 10 ya alama. Walimu waliokuwa wameajiriwa na chuo siku waliyoshinda wanabeba asilimia 20, ila kwa walimu hawahesabu Nobel ya Fasihi wala ya Amani. Aliyekuwa na vyuo viwili, kila chuo kinapata nusu. Na cheti kikizeeka thamani yake inapungua, asilimia 10 kwa kila muongo. Kwa hiyo asilimia 30 ya sifa ya chuo inatokana na watu wachache mno, wengine wao marehemu.

Nikasema, haya, tuwapitishe watu wetu kwenye fomula hii tuone.

Watu wetu ndani ya fomula

*Abdulrazak Gurnah.* Mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, aliondoka baada ya Mapinduzi, akapata udaktari Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, akafundisha Kent mpaka alipostaafu. Mwaka 2021 akapata Nobel ya Fasihi. Kent inapata alama ya mhitimu. Zanzibar, iliyompa lugha ya kwanza, bahari na hadithi zenyewe, inapata sifuri. Mtakumbuka jinsi watu walivyobishana wiki ile: ni Mtanzania, ni Mzanzibari, au ni Mwingereza? Fomula haina shida hiyo. Inauliza cheti tu.

*Wangari Maathai.* Shahada mbili za Marekani, ya pili ikiwa ya Pittsburgh, kisha udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, akiwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuupata. Nobel ya Amani mwaka 2004. Nairobi inapata alama ya mhitimu, na inastahili. Lakini mwaka 1982 alijiuzulu ualimu wake chuoni hapo ili agombee ubunge. Akazuiwa kugombea, na aliporudi kuomba kazi yake akakuta imeshapewa mtu mwingine, kisha akatakiwa atoke kwenye nyumba ya chuo. Ameyaeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake. Leo chuo hicho kina taasisi yenye jina lake. Kwenye fomula hakuna safu ya "tuliyemtoa nyumbani".

*Ngũgĩ wa Thiong'o.* Kila Oktoba Wakenya tulikaa tukingoja jina lake. Alihitimu Makerere mwaka 1963, zama ambazo cheti cha Makerere kilikuwa cha London, kwa hiyo hata kama angeshinda pangekuwa na ugomvi mdogo wa Berlin pale. Alifariki Mei 2025 bila Nobel. Alama: sifuri.

*Ali Mazrui.* Sayansi ya siasa haina Nobel. Makerere sifuri, Manchester sifuri, Columbia sifuri, Oxford sifuri, Michigan sifuri, Binghamton sifuri. MIOME haimo hata kwenye orodha ya kuulizwa.

Nimeitazama hiyo safu ya sifuri kwa muda. Fomula haikukosea hesabu. Hitilafu iko kabla ya hesabu, katika swali lenyewe. Inauliza cheti kilitoka nyumba gani. Haiulizi nani alimwona mtu huyu wakati hakuna aliyekuwa anamtazama.

Na kuna wengine ambao fomula haiwezi kuwaona kabisa. Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu wa mwaka 1927, aliishi na kufariki hapa Mombasa mwaka 2017. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alifundishwa nyumbani, na bibi yake akiwa mwalimu wake mkubwa wa mashairi. Wasomi wa Kiswahili kutoka Ulaya na Marekani walikuja mpaka mlangoni kwake na madaftari yao, wakauliza, wakaandika, wakarudi makwao na udaktari na uprofesa. Neno *runinga* nililotumia hapo juu nalo ni lake. Sasa niambie, wale maprofesa ni wahitimu wa nani?

Njia nyingine ya kuhesabu

Mji wa Kale ulikuwa na njia yake ya kuhesabu kabla ya Cambridge kutuletea mtihani. Mwanachuoni hakuulizwa umesoma wapi. Aliulizwa umesoma kwa nani. Sheikh al-Amin alisoma hapa Mombasa kwa Sheikh Sulayman bin Ali Mazrui, na Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wote wawili walifariki mwaka 1925. Hao nao walikuwa na walimu wao, na hao na wao. Huo mnyororo unaitwa silsila.

Wenzangu wa programu watautambua. Ni orodha ambayo kila kitu ndani yake kimeshika mkono wa kilicho mbele yake. Ukimpata mmoja unaweza kuwafuata wote mpaka mwanzo. Jedwali la vyuo halifanyi hivyo, linajumlisha tu, na ukishajumlisha huwezi tena kujua nani alimshika nani mkono.

Sisemi kwamba zamani palikuwa hapana majivuno. Wanachuoni nao walishindana, na ukoo nao ulikuwa na uzito wake. Ali asingekuwa mtoto wa Kadhi Mkuu, sijui kama angepewa nafasi ya kuhutubia mbele ya Gavana. Ni vijana wangapi wa Majengo na Kisauni walipata daraja la tatu mwaka ule na hawakuwa na Maulidi ya kusimama? Hao hawana silsila, hawana fomula, hawana hata sifuri. Hili ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu mstari wangu wa programu unawahusu wao kuliko unavyomhusu Ali.

Mwisho wa safari, na mstari wangu

MIOME ilibadilika jina, ikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 ikawa chuo kishiriki cha JKUAT, chuo kikuu kile kile ambacho mwaka 2003 Rais Kibaki alimteua Ali Mazrui kuwa Mkuu wake. Mwaka 2013 ikapata hati yake yenyewe, ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa tunachokipita pale Tudor. Sijaona wakijitangazia kwa sauti kwamba karani wao wa zamani alikuwa nani. Wana haki. Kwa maoni yangu wana haki kuliko Oxford.

Mazrui alifariki Marekani Oktoba 2014. Kwa wosia wake akaletwa nyumbani, akazikwa kwenye makaburi ya Wamazrui mkabala na Fort Jesus. Ukitoka Ngomeni kuelekea Mji wa Kale, unapita karibu naye.

Na ule mstari nimeubadilisha. Kiwango sikukifuta, maana si changu kukifuta, na nafasi za chuo ni chache leo kama zilivyokuwa 1949. Lakini programu sasa haimwondoi mtu. Aliyepungukiwa anaingia orodha ya pili, na kwenye fomu nimeongeza swali moja: nani amekufundisha au amekuona ukifanya kazi, na anaweza kukusemea? Chuo kikakubali kumweka mtu wa kuisoma orodha hiyo. Wiki ya kwanza walikuwa 41. Ni kazi ya mchana mmoja.

Nilipomweleza Maalim, akauliza, "Na huyo mwenye kuisoma, ni mkubwa?"

"La, Maalim. Ni karani."

Akatikisa kichwa, akaagiza kahawa nyingine, akanilipia na mimi.

Kama una mzee nyumbani aliyesoma au kufanya kazi MIOME miaka ya hamsini, muulize majina ya walimu wake, uyaandike, kisha uniletee. Nataka kuanza orodha, na safari hii nitaanza na waliofundisha.